Tundu la Akiba

Kilenga cha tundu cha akiba ni kipande kidogo cha chuma chenye kitobo katikati, kinachopachikwa juu ya kikalio cha nyuma cha darubini ya bunduki pale darubini yenyewe inapokuwa imevuliwa. Hakina kioo wala betri, na uzito wake ni wa gramu chache tu. Muda mwingi hukaa mkobani, na miaka yaweza kupita kisihitajike hata mara moja. Kazi yake inajulikana: darubini ikipasuka, ikiingia ukungu au ikigeuka kuwa kikwazo kichakani, mwenye bunduki afungue vikono viwili vya kukazia, aivue, apachike tundu mahali pake, na aendelee kulenga kwa kukitazama kilenga cha mbele kilicho karibu na mdomo wa mtutu.

Kwa maelezo hayo kifaa kinaonekana chepesi mno kustahili kufikiriwa. Ugumu wake umo katika neno akiba. Kitu cha akiba huwekwa na mtu anayeamini kwamba hatakihitaji, na imani hiyo ndiyo inayofanya kifungwe kwa haraka, kisijaribiwe, na kisahauliwe. Siku kinapotakiwa, kinatakiwa ndani ya dakika moja, na mara nyingi karibu na mnyama aliyejeruhiwa.

Nchi inayozunguka Dumila, mkoani Morogoro, Tanzania, inaeleza kwa nini dakika hiyo huja. Hapo barabara kuu ya Morogoro na Dodoma inatoa tawi linaloelekea kusini, kupitia Rudewa hadi Kilosa, na kutoka Kilosa njia nyingine inapita Ulaya hadi Mikumi. Kati ya milima ya magharibi na barabara ya Iringa umetandaa uwanda wa Mkata: nyasi, matope meusi wakati wa mvua, vumbi wakati wa kiangazi, na vichaka vya miiba kandokando ya mito. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, inachukua sehemu kubwa ya uwanda huo, na humo hakuna uwindaji. Lakini tembo na nyati hawasomi mabango ya mpaka. Huingia mashamba ya mahindi na mpunga, na katika orodha za serikali huitwa wanyama wakali na waharibifu. Anayewafuata ni askari wa hifadhi za taifa (TANAPA) au wa mamlaka ya wanyamapori (TAWA), au ofisa wanyamapori wa halmashauri.

Ni haki kusema mapema kwamba bunduki ya askari anayetumwa kufukuza tembo shambani mara nyingi haina darubini kabisa, na habari hii inamgusa kidogo. Inamhusu zaidi mwindaji bingwa wa vitalu vya kitalii, mgeni anayeongozana naye, na mkazi mwenye leseni. Hao hubeba bunduki za bolti zenye darubini, kwa kuwa wanahitaji kumpiga swala au pofu mita 150 mbali asubuhi, na huenda jioni ya siku hiyo hiyo wakaingia kichaka ambacho nyati aliyejeruhiwa amelala mita 15 mbele yao. Bunduki ni ileile. Macho ni yaleyale. Kinachobadilika ni kile kilichofungwa juu ya chuma.

Darubini hufa kwa njia zinazojulikana. Ya kwanza ni teke la bunduki. Risasi ya .375 Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912 na ambayo kipimo chake ndicho cha chini kinachotakiwa Tanzania kwa wanyama wakubwa wa hatari, husukuma kichwa cha gramu 19 kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde. Ile ya .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956 husukuma kichwa cha gramu 32, polepole zaidi lakini kwa kishindo kikubwa zaidi. Bunduki inaporuka nyuma, darubini yenye uzito wa gramu 400 au 500 hutaka kubaki ilipokuwa, na skrubu nne nyembamba ndizo zinazoilazimisha kufuata. Skrubu hizo hulegea, na wakati mwingine hukatika. Njia ya pili ni kuanguka: mtu ameteleza kwenye korongo, au bunduki imedondoka kutoka juu ya gari. Ya tatu ni barabara yenyewe, kwa maana mtikisiko wa saa nyingi ndani ya gari hulegeza kile ambacho teke halikulegeza. Ya nne ni maji. Darubini nzuri haiingizi maji ndani, lakini matone juu ya kioo yanatosha kumpofusha mtu, na mvuke wa pumzi yake asubuhi ya baridi vilevile.

Kuna sababu nyingine inayotajwa sana, nayo ni wepesi. Husemwa kwamba karibu na mnyama, kilenga cha chuma ni chepesi kuliko darubini. Zamani ilikuwa kweli, wakati darubini zilikuwa za ukuzaji wa mara nne usiobadilika na uwanja mwembamba wa kuonea. Leo darubini inayoanzia ukuzaji wa mara moja, ikiwa imewekwa chini kabisa na mtu ameizoea, humpa mwindaji picha pana na alama moja tu ya kuweka juu ya mnyama, na si rahisi kuthibitisha kwamba tundu linaishinda. Kwa hiyo hoja ya wepesi isibebeshwe mzigo isiouweza. Tundu la akiba linastahili nafasi yake kwa sababu kioo huvunjika, na hilo linatosha.

Kwa nini basi liwe tundu, wakati mtutu wenyewe tayari una kilenga cha nyuma chenye mfuo wa umbo la V? Jibu limo katika jicho. Anayelenga kwa V ana vitu vitatu vya kupanga: mfuo ulio nusu mita kutoka usoni, kilenga cha mbele kilicho mbali zaidi, na mnyama. Jicho la binadamu haliwezi kuona vyote vitatu vikali kwa wakati mmoja, na jicho lililopita miaka 45 huanza kushindwa hata na kimoja kati ya hivyo. Tundu linaondoa kitu kimoja katika hesabu. Liko karibu na uso kiasi kwamba halitazamwi, linatazamwa kwa kupitiwa, na ukingo wake huonekana kama kivuli cha duara. Ndani ya duara hilo jicho hutafuta katikati lenyewe bila kuamrishwa. Kinachobaki ni kuweka kilenga cha mbele juu ya mnyama.

Faida ya pili ya tundu ni ukali wa picha. Asiyeona mbali hukunja ngumi akaacha kitobo chembamba, akachungulia, na maandishi ya bango yaliyokuwa ukungu yakasomeka. Mwanga unaopita mahali pembamba hautawanyiki sana kwenye jicho. Hata hivyo wauzaji huizidisha faida hii. Mboni ya jicho mchana ina upana wa milimita 2 hadi 3. Tundu la uwindaji lina milimita 3, 4 au hata 5, kwa hiyo ni pana kuliko mboni, na halinoi picha kwa kiasi cha kuhesabika. Tundu la milimita 1 la walengaji wa mashindano ndilo linalonoa, lakini chini ya miti ya Mkata saa kumi na mbili jioni tundu hilo ni giza tupu. Mwindaji anachagua kati ya ukali na mwanga, na kwenye bunduki ya nyati mwanga ndio unaoshinda.

Historia ya majeshi inatoa somo hilohilo la upana. Jeshi la Ujerumani katika Afrika Mashariki lilipigana vita vya 1914 hadi 1918 likiwa na bunduki za Mauser za mfuo wa V, na Waingereza wengi waliokabiliana nalo walikuwa na Lee-Enfield fupi ambayo nayo kilenga chake cha nyuma kilikuwa wazi. Ni katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndipo Lee-Enfield Namba 4 ilipoeneza tundu katika majeshi ya Dola ya Kiingereza. Baadaye ikaja G3 ya Kijerumani, ambayo askari wa Kenya waliibeba kwa miaka mingi. Kilenga chake ni pipa dogo la kuzungushwa: matundu matatu ya mita 200, 300 na 400, na kwa mita 100 mfuo wa V. Yaani wabunifu wake waliona matundu yao ni madogo mno kwa mapigano ya karibu. Hawakukosea. Tundu dogo karibu na adui au nyati ni bovu kuliko V, na mtu anayesifu tundu bila kutaja upana wake hajasema kitu.

Kwa upande wa uwindaji, kuvua darubini haraka ni wazo la zamani. Mafundi wa Suhl, Ujerumani, walikuwa wakifunga darubini kwa kucha za chuma zinazonasa kwenye vishimo juu ya bunduki tangu kabla ya vita vya kwanza. Huko New York kampuni ya Griffin & Howe ilijulikana kwa kishikio cha pembeni chenye vikono, na ni kampuni hiyo iliyounda bunduki ya Springfield .30-06 ambayo Ernest Hemingway alikuja nayo Tanganyika mwaka 1933. Lakini kifaa kilicholikaribia zaidi wazo la tundu la akiba kilitoka Uherský Brod, Chekoslovakia. Bunduki za Brno ZKK za mwanzo, ikiwemo ZKK 602 ya risasi kubwa ambayo ilipendwa sana Afrika, zilikuwa na tundu lililofichwa ndani ya chuma cha nyuma cha mwili wa bunduki. Darubini ikivuliwa, tundu linainuliwa kutoka kwenye kificho chake. Halikuweza kupotea kwa kuwa halikutoka kamwe. Kiwanda kiliacha kulitengeneza katika matoleo ya baadaye, na CZ 550 iliyorithi mahali pa ZKK haikuwa nalo. Ni vigumu kuona faida gani ilipatikana kwa kuliondoa, zaidi ya kupunguza gharama.

Wasio na ZKK ya zamani hununua. Kampuni ya Talley ya Marekani hutengeneza tundu linalokaa kwenye vikalio vyao wenyewe vya kufunguka upesi, na New England Custom Gun hutengeneza matundu ya bunduki za Ruger, za CZ na za vikalio vya mtindo wa Weaver. Kanuni ya kununua ni kwamba tundu hufuata kikalio, si bunduki. Bunduki mbili za aina moja zenye vikalio vya kampuni tofauti zinahitaji matundu tofauti, na kipande kinachokaribia kuingia kisisukumwe kwa nyundo wala kupunguzwa kwa tupa.

Kazi ya kufunga huanza kwenye vikalio, kabla tundu halijatolewa ndani ya kifurushi. Bunduki ihakikishwe kuwa tupu, chemba na magazini, na bolti itolewe. Kisha vikalio vyote viwili vifunguliwe hata kama vinaonekana vimekaza, kwa sababu hakuna anayejua kilicho chini yake: mafuta ya kiwandani, kutu, au mchanga wa safari zilizopita. Matundu ya skrubu yasafishwe kwa kiyeyushi hadi yakauke, na skrubu vilevile. Tone moja la gundi ya skrubu, ile inayokubali kufunguliwa kwa bisibisi na si ile inayohitaji moto, latosha kwa kila skrubu. Bisibisi iwe na ncha inayojaza mfuo wa skrubu sawasawa. Ncha nyembamba ndiyo inayoharibu vichwa, na kichwa kilichoharibika hakitafunguka tena siku ya haja.

Hapa ipo tofauti kati ya darubini na tundu ambayo inafaa kukumbukwa. Mzigo wa teke juu ya vikalio hutokana na uzito wa kilichopachikwa juu yake. Tundu la gramu chache halina cha kuvuta. Skrubu iliyolegezwa na darubini inaweza bado kulishika tundu vizuri, na ndiyo maana kifaa hiki huendelea kufanya kazi juu ya kikalio ambacho darubini ingeking'oa. Kikalio kilichokatika skrubu zote, bila shaka, hakimfai yeyote.

Vikalio vikishakazwa, tundu hupachikwa na mstari wa kuonea hukaguliwa kwa jicho. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi. Darubini imeondoka, lakini kikalio cha mbele kimebaki juu ya bunduki, na kama kilenga cha mbele ni kifupi, kikalio hicho hukikinga. Mtu anapachika tundu, anachungulia, na anaona uvimbe wa chuma mahali ambapo alitarajia kuona nukta. Kilenga cha nyuma cha mtutuni nacho kinaweza kuziba njia. Chenye bawaba kilazwe, na kisicho na bawaba huenda kikalazimika kuondolewa, uamuzi ambao mwenye bunduki aufanye akijua kwamba anabadilishana kilenga cha kudumu kwa kilenga cha mkobani. Kwenye Mauser za zamani kuna kikwazo cha tatu: kizuizi cha usalama kinachosimama wima nyuma ya bolti. Kikiwa kimesimama, hukaa katikati ya jicho na tundu. Wengine husema hilo ni jema, kwa kuwa humkumbusha mtu kwamba bunduki bado imefungwa. Bado ni kero, na wengi wenye darubini huwa wameshakibadilisha kuwa cha pembeni.

Kisha unakuja urefu wa kilenga cha mbele, ambao ndio moyo wa kazi nzima. Kilenga hicho kilipimwa kiwandani ili kilingane na V ya mtutuni. Tundu juu ya kikalio kwa kawaida hukaa juu kuliko V ile, na kilenga cha nyuma kikipanda, risasi hupanda. Bunduki nyingi zikipachikwa tundu bila marekebisho mengine hupiga juu, na mara nyingi tundu likishushwa hadi mwisho wake bado risasi ziko juu. Dawa ni kilenga cha mbele kirefu zaidi, na urefu wake haukisiwi, hukokotolewa.

Vipimo vitatu vinahitajika: umbali kati ya vilenga viwili, umbali hadi kwenye shabaha, na kiasi risasi zinavyopotoka. Bunduki ya .375 yenye mtutu wa sentimita 60 na tundu juu ya kikalio cha nyuma huwa na karibu milimita 750 kati ya vilenga. Tuseme inapiga sentimita 15 juu kwa mita 50. Milimita 150 zizidishwe kwa 750, zigawanywe kwa milimita 50,000, jibu ni 2.25. Kilenga cha mbele kipya kiwe kirefu kwa milimita mbili na robo kuliko cha zamani. Afadhali kinunuliwe kirefu kidogo zaidi, kisha kipunguzwe kwa tupa baada ya kupiga, kwa sababu chuma hupungua kwa tupa na hakiongezeki. Kila upapaso wa tupa unaokifupisha huinua risasi.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha jambo jingine kwa faida ya tundu. V iliyo mtutuni iko karibu milimita 450 tu kutoka kwenye kilenga cha mbele. Kosa la milimita moja katika kupanga vilenga huleta upotofu wa sentimita 11 kwa mita 50. Kwa tundu lenye milimita 750, kosa hilohilo huleta chini ya sentimita 7. Eneo la moyo na mapafu ya nyati lina upana unaozidi sentimita 25, kwa hiyo zote mbili zaweza kuua, lakini moja inasamehe zaidi mkono unaotetemeka.

Nukta ya kilenga cha mbele nayo ina vipimo vyake. Bunduki kubwa nyingi zina nukta ya milimita 2.4, ya shaba au nyeupe. Kwa jicho lililo nyuma ya tundu, nukta hiyo hufunika karibu sentimita 14 za mnyama aliye mita 50. Kichakani hilo ni jema, kwani jicho linaikuta nukta mara moja. Kwa swala wa mita 100 imefunika sehemu kubwa ya kifua. Nukta ya milimita 1.5 ni bora kwa umbali huo na mbovu jioni. Anayekusudia tundu kwa dharura ya karibu achague kubwa. Anayefikiri atamalizia safari nzima ya siku kumi kwa tundu baada ya darubini kuvunjika, afikirie tena. Nyeupe huonekana vizuri juu ya ngozi nyeusi ya nyati, shaba huonekana vizuri karibu kila mahali isipokuwa jua likiwa pembeni, ambapo upande mmoja wa nukta hung'aa na kumfanya mtu alenge upande huo.

Kushoto na kulia ni kazi fupi. Tundu husogezwa kuelekea upande ambao risasi inatakiwa iende, na kilenga cha mbele husogezwa kinyume chake. Kama tundu limesogezwa mpaka liko ukingoni mwa kikalio na bado risasi hazijafika katikati, kosa si la tundu. Vikalio havikutobolewa sambamba na mtutu, jambo la kawaida kwenye bunduki zilizobadilishwa na fundi badala ya kiwanda. Kilenga cha mbele kisogezwe kwa pigo jepesi la nyundo ya shaba, na mstari mwembamba ukwaruzwe juu ya kilenga na chini yake ili kuhama kwake kuonekane baadaye.

Usawazishaji hufanyika kwenye uwanja wa kulenga unaoruhusiwa, na kwa risasi zilezile zitakazobebwa porini. Mwanzo ni mita 25, kwa sababu huko hata kosa kubwa bado linagusa karatasi. Kisha mita 50, na hapo ndipo tundu linapofungwa kabisa kwa skrubu yake na tone la gundi. Bunduki ya .375 iliyosawazishwa kwa tundu mita 50 itapiga chini kwa kama sentimita mbili au tatu ikifika mita 100, tofauti ambayo haibadilishi chochote kwa mnyama mkubwa. Hakuna haja ya kusawazisha mbali zaidi. Risasi tatu tatu zinatosha kwa kila hatua, na kati yake bunduki iachwe ipoe na bega lipumzike, kwa maana bega lililochoka hulenga vibaya na mwenye bega hilo ataanza kurekebisha kilenga ambacho hakina kosa.

Baada ya tundu, ni zamu ya darubini kujaribiwa. Vishikio vya kufunguka upesi vinauzwa kwa ahadi kwamba darubini ikivuliwa na kurudishwa itapiga palepale, na vilivyo vizuri vinatimiza ahadi hiyo kwa kadiri ambayo mwindaji hataona tofauti. Lakini kinachotimiza ni mazoea ya mkono pamoja na chuma. Nyuso zinazokutana zipanguswe vumbi kila mara. Chembe ya mchanga wa Mkata chini ya pete yatosha kuinua darubini upande mmoja. Pete isukumwe mbele hadi iguse kizuizi chake kabla ya kukaza, ili teke lisiisukume baadaye. Vikono vikazwe kwa nguvu ileile, vikifuata mpangilio uleule. Jaribio ni kupiga risasi tatu, kuvua, kupachika tundu, kupiga tatu, kurudisha darubini, na kupiga tatu tena. Karatasi moja inaonyesha yote. Makundi mawili ya darubini yasipoangukia mahali pamoja, kosa litafutwe kwenye vikono na kwenye uchafu kabla ya kumlaumu mtengenezaji.

Namba zilizopatikana, yaani urefu wa kilenga cha mbele, mahali pa tundu na aina ya risasi, ziandikwe na zibaki pamoja na bunduki. Bunduki za uwindaji huishi muda mrefu kuliko wamiliki wake na hubadilisha mikono, na anayezirithi bila maandishi huanza upya.

Mahali pa kuweka tundu porini huwagawanya watu. Baadhi ya mafundi huchonga chumba kidogo chini ya kishikio cha kitako, kikafunikwa kwa kifuniko cha chuma, na tundu likakaa humo. Ni kazi nzuri na ya gharama. Wengine hulifunga kwenye mkanda wa risasi. Lililobaki kwenye sanduku kambini halihesabiwi kuwepo. Vivyo hivyo darubini iliyovuliwa ipewe mfuko wake. Mara nyingi hushikwa mkononi na mfuata nyayo au huwekwa kwenye jiwe, na ndivyo inavyopotea.

Yapo mambo ambayo tundu haliwezi. Halipimi umbali, halikuzi, wala halimwonyeshi mwindaji kama kilicho nyuma ya kichaka ni pembe au tawi. Mvua ikiwa kubwa, tone la maji hukaa ndani ya kitobo na kukiziba, ingawa pumzi moja hulitoa. Saa ya mwisho ya mwanga, darubini hukusanya mwanga ambao tundu linaupoteza, na kuna dakika chache ambazo mwenye darubini bado anaona na mwenye tundu haoni tena. Mtu akijua hivyo, ataacha kufyatua mapema.

Kwa Tanzania, jambo la mwisho ni la sheria. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mmiliki awe na leseni, na ukarabati wa silaha si kazi ya karakana yoyote yenye keekee. Kupachika tundu juu ya kikalio kilichopo ni kazi ya mmiliki mwenyewe. Kutoboa mwili wa bunduki, kubadili kilenga cha mbele kilichochomelewa au kusogeza vikalio kuachiwe fundi aliyeidhinishwa, na bunduki isafiri na karatasi zake. Na zaidi ya sheria, tundu ambalo limefungwa lakini halijawahi kupigiwa risasi lisihesabiwe kuwa kilenga. Anayekwenda kumfuata nyati nalo afadhali alibakize mkobani na atumie V ya mtutuni, ambayo angalau kiwanda kiliijaribu.